Wengi Wape, na Mmoja Je?

Wahenga walisema, "Wengi wape, usipowapa, watachukua kwa mikono yao." Maneno haya yamekubaliwa vizazi hata vizazi, nayo yana busara ndani yake, kwa maana watu wakiwa wengi wenye nia moja ni vigumu kuwazuia, na mara nyingi ni makosa kuwazuia. Lakini mithali ni kama taa: humulika upande mmoja wa chumba, upande wa pili ukabaki gizani. Mithali hii haituambii wengi wapewe nini, wala wapewe kwa kadiri gani. Tena haisemi neno juu ya yule mmoja aliyebaki pembeni bila ya kukubaliana nao. Je, akiisha kushindwa kwa hesabu, hana budi kunyamaza? Aondoke? Au anayo haki ambayo hata watu elfu hawawezi kumnyang'anya?

Swali hili halihusu wenye elimu kubwa peke yao. Hulizuka kila mahali ambapo watu hukaa pamoja ili kuamua jambo: katika baraza la wazee, katika chama cha ushirika, katika mkutano wa wanafunzi. Lakini nadhani itatufaa zaidi kulichunguza mahali ambapo kuamua ndiyo kazi yenyewe, yaani katika chumba cha kutungia sheria. Nimechagua Bunge la jimbo moja la Kanada, jimbo la Manitoba, kwa sababu mbili. Kwanza, namna viti vyake vilivyopangwa na kazi zilivyogawanywa humo inaonyesha waziwazi jinsi watu wanavyoweza kujiwekea mpaka juu ya nguvu ya wingi wao. Pili, katika chumba hicho siku moja mtu mmoja alisema "La", na nchi nzima ikamsikia.

Kanada ni nchi ya majimbo kumi, na kila jimbo lina Bunge lake mbali na Bunge kubwa la taifa. Manitoba liko karibu na katikati ya nchi hiyo, penye nyika pana za ngano na baridi kali ya miezi mingi. Lilifanywa jimbo tarehe 15 Julai 1870. Wabunge wake wa kwanza walipokutana mwezi wa Machi 1871 hawakuwa na jumba lao, wakakaa katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja. Jumba la leo, ambalo lipo katika mji wa Winnipeg, lilifunguliwa rasmi mwaka 1920. Ni jumba la mawe lenye ngazi pana, na penye ngazi hizo wamesimama nyati wawili wa shaba, kama mabawabu. Ukipanda ngazi hizo unafika katika chumba ambacho twataka kukizungumza.

Chumba hicho hakikupangwa viti kama darasa, ambamo wote humwelekea mtu mmoja na kumpa mwenzao kisogo. Wala hakikupangwa kama mabunge mengi yaliyofuata desturi ya Uingereza, ambamo safu mbili za viti hutazamana kama timu mbili kabla ya mchezo kuanza. Humo madawati yamepangwa katika safu tatu zilizopinda, moja ikiwa juu ya nyingine, kwa mfano wa kiatu cha farasi. Katika uwazi wa kiatu hicho ndipo penye kiti cha Spika. Wabunge wa serikali hukaa upande wa kuume wa Spika, na wapinzani upande wa kushoto, lakini safu huendelea kuzunguka hata mtu hawezi kuonyesha kwa kidole mahali ambapo urafiki umekwisha na ushindani umeanza. Juu ya vichwa vyao zipo sanamu za watoa sheria wawili wa kale, Musa na Soloni, ili kila asemaye akumbuke kwamba sheria ni kazi ya zamani kuliko yeye.

Huenda msomaji akauliza, viti vina maana gani? Watu waovu wakikaa katika duara si watakuwa waovu vilevile? Ni kweli. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hata hivyo mahali tunapokaa hutufundisha mambo bila ya sisi kujua. Mtu aliyewekwa mbele ya mwenzake ana kwa ana hujiandaa kujibu, na aliyewekwa bega kwa bega naye hujiandaa kusaidiana. Mataifa mbalimbali yamejaribu njia hizi mbili na nyingine zaidi. Katika eneo la Nunavut, kaskazini kabisa ya Kanada, lililoundwa mwaka 1999, wajumbe hukaa katika duara wala hawana vyama. Huzungumza mpaka waafikiane, kama walivyozoea wazee wao. Na katika kisiwa cha Prince Edward, serikali hukaa upande wa kushoto wa Spika, kinyume cha desturi. Yasimuliwa kwamba zamani za baridi mitambo ya kutia joto ilikuwa upande huo, nao wenye nguvu wakachagua pahali penye joto. Habari hiyo inachekesha, lakini ina somo: mwenye nguvu asipozuiwa na desturi, hata joto la chumba atalichukua yeye.

Sasa tuangalie kazi za watu waliomo, maana chumba cha namna hii ni kama jahazi: kila mtu ana mahali pake, na nahodha hawezi kushika tanga na usukani na shoka la nanga kwa wakati mmoja.

Wa kwanza ni Spika. Jina lake maana yake ni msemaji, kwa kuwa zamani katika Uingereza ndiye aliyepeleka maneno ya wabunge mbele ya mfalme, na baadhi yao waliuawa kwa ajili ya kazi hiyo. Lakini ajabu ni kwamba humo ndani msemaji huyu ndiye asemaye kidogo kuliko wote juu ya mambo yanayobishaniwa. Yeye huchaguliwa miongoni mwa wabunge, naye akiisha kukaa katika kiti hicho huacha kutetea upande. Hapigi kura ila pale ambapo kura zimelingana. Kazi yake ni kumpa kila mtu zamu yake, na kumnyamazisha avunjaye kanuni hata kama ni Waziri Mkuu wa jimbo. Wabunge hawasemezani wao kwa wao. Kila neno hupelekwa kwake. Wala hawatajani kwa majina, bali kwa sehemu wanazoziwakilisha. Kwa njia hiyo hasira hupunguzwa makali kama maji ya mto yanayopitishwa kwanza katika bwawa, na kila mtu hukumbushwa kwamba mwenzake hakuja pale kwa nafsi yake tu, bali nyuma yake wako watu.

Mbele ya Spika iko meza, na penye meza hiyo hukaa Karani wa Bunge pamoja na wasaidizi wake. Karani hana chama. Serikali hubadilika na yeye hubaki. Yeye huzijua kanuni kama mwalimu wa kale alivyozijua aya, naye humshauri Spika kwa sauti ya chini, na huandika yaliyoamuliwa. Juu ya meza hiyo huwekwa siwa, fimbo kubwa ya heshima, ambayo huletwa na mpambe wa Bunge akitangulia mbele ya Spika. Siwa isipokuwapo, hakuna kikao. Ya kwanza kabisa ya Manitoba haikuwa ya dhahabu. Ilichongwa na askari mmoja kutoka kitovu cha gurudumu la mkokoteni. Nasi watu wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufasiriwa jambo hilo, kwa maana neno lenyewe siwa ni letu. Lilikuwa jina la baragumu kuu za Pate na Lamu, ile ya pembe za ndovu na ile ya shaba, zilizopigwa katika siku za utawala na za harusi za wakubwa. Mabunge yetu yalipohitaji jina la fimbo ya heshima, yaliazima lile la baragumu. Na huko pwani, kama huko Kanada, kitu hicho hakikuwa cha mtu aliyekishika bali cha watu wote walioisikia sauti yake.

Kisha wako Waziri Mkuu na mawaziri, ambao hutenda; na wako wapinzani, ambao huuliza. Kiongozi wa upinzani ana kiti chake kinachojulikana na zamu yake ya kuuliza maswali. Hapa nawaomba wasomaji watue kidogo. Fikirini jinsi jambo hili lilivyo geni katika historia ya wanadamu. Kwa karne nyingi mtu aliyempinga mtawala alifungwa, au alifukuzwa, au alikatwa kichwa. Na hapa twaona watu walioshinda wanamwandalia kiti yule ambaye kazi yake ni kuwaambia kwamba wamekosea! Tena hawakumwandalia kwa huruma. Wamejua kwamba mtu asiyeulizwa husinzia, na kwamba aliye upande wa kushoto leo huenda kesho akawa upande wa kuume. Mwaka 1987, katika jimbo jingine la Kanada, New Brunswick, chama kimoja kilishinda viti vyote 58. Washindi walifurahi, kama ilivyo haki yao. Lakini chumbani hamkuwa na hata mtu mmoja aliyechaguliwa ili kuwauliza. Ushindi ulikuwa mkubwa hata ukakila kile kilichoupa maana.

Mwisho wako wale wasiosema. Juu, katika roshani, hukaa wananchi waliokuja kutazama; hawana ruhusa ya kupiga makofi wala kuzomea. Na huku chini hupita vijana wanaopeleka barua na maji kutoka dawati hata dawati, nao ni wanafunzi wa shule ya sekondari. Hawana kura. Lakini nadhani wao huona mambo ambayo wakubwa hawayaoni, maana mtumishi wa karamu ndiye ajuaye nani amekula na nani amenyimwa.

Na hapa ndipo panapotupasa kusema ukweli usiopendeza. Mpango huu mzuri wa viti na kazi ulikuwa na kasoro kubwa, nayo ni kwamba kwa muda mrefu waliohesabiwa kuwa "wote" hawakuwa wote. Wanawake hawakuwamo. Mwezi wa Januari 1914 ujumbe wa wanawake ulikwenda kwa Waziri Mkuu wa Manitoba kuomba haki ya kupiga kura, naye akaukatalia. Kesho yake wanawake wale, wakiongozwa na Nellie McClung, walikodi jumba la michezo mjini Winnipeg wakaigiza Bunge lao wenyewe, ambamo viti vyote vilikaliwa na wanawake, nao wanaume wakaja mbele yao kwa unyenyekevu kuomba kura. McClung aliigiza Waziri Mkuu, akawajibu wanaume hao kwa mfano wa maneno na madaha yale yale waliyojibiwa wanawake. Mji ulicheka sana. Na kicheko hicho kilifanya kazi ambayo hoja nyingi hazikuiweza, kwa sababu watu waliona kwa macho yao jinsi viti vilivyobadilishwa vinavyogeuza hekima ya jana kuwa upuzi. Mwaka 1916 Manitoba likawa jimbo la kwanza la Kanada kuwapa wanawake haki hiyo, na mwaka 1920 mwanamke wa kwanza, Edith Rogers, akachaguliwa kuingia Bungeni.

Wengine waliongoja zaidi ni wenyeji wa asili wa nchi hiyo, yaani watu waliokuwapo kabla ya mkulima wa kwanza kutoka Ulaya kupanda ngano yake. Wale walio chini ya mikataba ya serikali hawakupata kura ya jimbo la Manitoba mpaka mwaka 1952. Watoto wao wengi walitolewa majumbani wakatiwa katika shule za bweni zilizowatenga na wazazi wao na lugha yao. Mmoja wa watoto waliosoma katika shule hizo aliitwa Elijah Harper, aliyezaliwa mwaka 1949 huko Red Sucker Lake. Mwaka 1981 alichaguliwa kuwa mbunge, akaketi katika moja ya madawati yale yaliyopinda.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Mwaka 1987 viongozi wa Kanada na majimbo yote kumi walipatana juu ya kubadili Katiba ya nchi. Mapatano hayo yalijulikana kwa jina la Meech Lake. Shabaha yao ilikuwa njema: walitaka jimbo la Quebec, ambalo wakazi wake wengi husema Kifaransa, litambuliwe kuwa jamii ya namna ya pekee, ili lijisikie limo nyumbani mwake. Ilihitajiwa mabunge yote yaidhinishe kabla ya tarehe 23 Juni 1990. Lakini ndani ya mapatano hayo wenyeji wa asili hawakutambuliwa hivyo, na hawakuwapo mezani yalipoandikwa. Waliambiwa kwamba zamu yao itakuja baadaye, na neno "baadaye" walikuwa wamekwisha kulisikia mara nyingi.

Siku zikasonga. Mwezi wa Juni 1990 ulipofika, Bunge la Manitoba lilikuwa bado halijaidhinisha. Viongozi wa vyama vyote vitatu vya Bunge hilo walikuwa wamekwisha kukubali, hata kiongozi wa chama chake Harper. Lakini kanuni za Bunge zilitaka hoja itangazwe siku mbili kabla, na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni yao. Muda haukutosha. Njia moja tu ilikuwapo: wabunge wote, bila kubaki hata mmoja, waridhie kuziruka hatua hizo. Spika akauliza kama Bunge limeridhia. Harper, ameshika unyoya wa tai mkononi, akasema hapana. Siku nyingine akaulizwa tena, akasema hapana. Nje ya jumba watu wake walikusanyika wakipiga ngoma. Muda ukaisha. Mapatano yakafa, na Bunge la Newfoundland likaacha kuyapigia kura.

Tazameni jinsi kila mwenye kazi katika chumba kile alivyoifanya kazi yake. Waziri Mkuu aliomba, hakuamrisha. Spika aliuliza kama alivyopaswa kuuliza, naye alipolisikia neno moja la kukataa hakujifanya kiziwi, ingawa lingalimezwa kwa urahisi na sauti nyingi za kukubali. Karani aliandika. Mpambe wa Bunge hakutumwa kumtoa mtu nje. Mtu mmoja mwenye unyoya alikuwa salama katikati ya watu wengi waliotaka akubali, na kilichomlinda ni kanuni iliyoandikwa katika kitabu na watu walioiheshimu siku ambayo iliwaumiza.

Je, Harper alifanya haki? Wako waliosema hapana, nao hawakuwa watu wapumbavu. Walisema: kazi ya miaka mitatu imevunjwa na mtu mmoja, watu wa Quebec wataona wamekataliwa, nchi itapasuka. Na kwa kweli mwaka 1995 watu wa Quebec walipiga kura kuamua kama wajitenge, na waliotaka kubaki waliwazidi wenzao kwa kiasi kidogo sana, chini ya 51 katika kila 100. Mtu anayemsifu Harper bila ya kuikumbuka hatari hiyo hajaipima mizani kwa pande zote mbili. Aidha, hebu tuwaze: kama kila mtu angeweza kuzuia kila jambo kwa neno moja, ni barabara gani ingejengwa? Ni mwalimu gani angelipwa mshahara? Nchi ambayo mmoja huwashinda wote siku zote haina uhuru zaidi ya nchi ambayo mfalme huwashinda wote. Mmoja huyo amekuwa mfalme kwa jina jingine.

Jawabu langu ni kwamba tutofautishe mambo mawili ambayo mithali yetu imeyachanganya. Kuna haki ya kuamua, na kuna haki ya kusikilizwa kabla ya kuamuliwa. Ile ya kwanza ni ya wengi, na mithali husema kweli: wapeni. Ile ya pili si ya wengi wala si ya wachache, ni ya kila mtu, nayo haiongezeki wala haipungui kwa hesabu. Harper hakudai kwamba neno lake lipite maneno ya wenzake. Hakuitunga kanuni ile. Aliikuta imekwisha kuwekwa, na ilikuwa imewekwa kwa ajili ya watu wote, wa serikali na wa upinzani. Alichokataa ni wananchi kurukwa. Kama viongozi wangaliileta hoja yao mapema, "La" yake isingalikuwa na nguvu ya kuiua. Ingaliichelewesha siku chache, ikajadiliwa, ikapigiwa kura, na wengi wangalipewa. Waliochelewa ndio waliompa mtu mmoja upanga, kisha wakashangaa kwamba una makali.

Lakini tusiishie hapo, kwa sababu kanuni yaweza kushikwa na mtu mwema na yaweza kushikwa na mkorofi. Twawezaje kuwatambua? Mimi napendekeza tumtazame akataaye kwa maswali mawili. Swali la kwanza: jambo analolidai, je, yu tayari mwingine alidai dhidi yake? Mtu adaiye kusikilizwa, huku yeye mwenyewe akiziba masikio wenzake wasemapo, hadai haki. Adai nafasi ya kudhulumu. Swali la pili: je, yu tayari kuibeba gharama ya neno lake hadharani? Harper alikataa mbele ya watu wote, jina lake likaandikwa katika taarifa ya Bunge, wenye kumlaumu wakamlaumu. Yule anayekaa kimya mkutanoni, kisha akaenda kuliharibu jambo gizani, hawezi kujilinganisha naye hata kidogo.

Na wale wengi nao wana swali lao la kujiuliza, ambalo ni gumu zaidi: aliyekataa alitoka wapi? Mara nyingi mtu mmoja mwenye kukataa huonekana mkaidi kwa sababu hatuwaoni walio nyuma yake. Pale Winnipeg alionekana mmoja kati ya wabunge 57, nyuma yake wakiwamo watu ambao walikuwa hawajapata kuulizwa tangu jimbo lilipoanza. Hesabu ya chumbani haikuwa hesabu ya nchi. Katika mwaka 2023 Manitoba lilimpata Waziri Mkuu aliye mwenyeji wa asili, Wab Kinew, akakaa upande wa kuume wa Spika katika chumba kile kile. Elijah Harper hakuyaona hayo, maana alifariki mwaka 2013. Viti vile havikuhamishwa, bali waliopata kuvikalia ndio walioongezeka.

Katika nchi yetu ya Kenya, Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 iliweka mabunge ya majimbo, nayo hayakudumu. Tangu mwaka 2013 tuna mabunge ya kaunti 47, kila moja likiwa na Spika wake, Karani wake, wajumbe wake na siwa yake. Kijana yeyote aweza kwenda kukaa katika roshani ya Bunge la kaunti yake akatazama. Namwomba afanye hivyo, na afikapo asitazame tu ni nani asemaye kwa ufasaha au ni nani aliyevaa vizuri. Amtazame Spika anapopigiwa kelele na upande aliotoka, aone kama atatetereka. Atazame ni nani anayekatizwa na ni nani anayeachwa amalize. Kisha ajiulize ni watu gani wa kaunti hiyo ambao hawana mtu katika chumba hicho, na ni nani angewasemea kama jambo lao lingeletwa leo mchana.

Wala asingoje mpaka awe mbunge ndipo aanze. Katika kila shule kuna mikutano, na katika kila mkutano kuna yule mmoja ambaye, wengine wote wakiwa wamechoka na wanataka kwenda kula, huinua mkono na kusema kwamba bado hajaridhika. Ni rahisi sana kumzomea. Mwenyekiti mvivu husema, "Wengi wape," akaufunga mkutano. Mwenyekiti mwema humwambia, "Sema, ndugu, tunakusikiliza." Akiisha kusema, kura ipigwe, na wengi wapewe, na yule mmoja, akiwa ameshindwa, naye akubali, kwa maana asiyekubali kushindwa si mshindani. Hapo wengi watakuwa wamepata haki yao bila ya kumnyima mwenzao yake, na wote wataweza kwenda kula pamoja.